Bizet na Wimbo wa Mpigana na Fahali

Hata kama hujawahi kulisikia jina la Georges Bizet, naamini wimbo wake umeusikia. Ni ule wenye mwendo wa askari wakiandamana, unaopigwa katika katuni na matangazo ya biashara, ambao hata mtoto wa chekechea anaweza kuupiga mluzi. Huo ndio wimbo wa mpigana na fahali wa Uhispania. Kumbe aliyeutunga alikuwa Mfaransa ambaye hakuwahi kutia mguu Uhispania!

Bizet alizaliwa jijini Paris tarehe 25 Oktoba 1838. Babake alikuwa kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia kabla ya kugeuka mwalimu wa uimbaji, naye mamake alikuwa hodari wa piano. Basi mtoto wa nyoka ni nyoka. Kabla hajatimiza miaka kumi aliingizwa katika chuo cha muziki cha Paris. Miaka tisa, ati! Mimi katika umri huo nilikuwa nikipiga mkebe wa Kimbo kwa kijiti. Mwaka wa 1857 alishinda tuzo kubwa iliyompeleka kuishi Italia kwa karibu miaka mitatu.

Aliporudi kwao, lakini wapi! Opera zake, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, hazikupata umaarufu. Ilimbidi afundishe piano na kupanga muziki wa watu wengine ili apate riziki. Tarehe 3 Juni 1869 alimwoa Geneviève, bintiye marehemu mwalimu wake Halévy. Mwaka uliofuata vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, akajiunga na walinzi wa jiji.

Ndipo ikaja Carmen. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwandishi Mérimée: askari José anaacha jeshi kwa kumpenda Carmen, msichana wa kiwanda cha sigara mjini Sevilla, halafu Carmen anamwacha. Katika kitabu, mpigana na fahali ni mtu mdogo tu aitwaye Lucas. Katika opera akageuzwa kuwa Escamillo, jogoo wa mji, na Bizet akamtungia wimbo unaomwingiza jukwaani kama mfalme.

Mimi nimezoea mambo ya Kakamega, ambako fahali hupambana na fahali mwenzake huku ngoma za isukuti zikilia, na anayeshindwa hutoroka akiwa hai. Kule Uhispania ni mtu na fahali, na fahali huuawa kwa upanga. Sitaficha, jambo hilo silipendi. Lakini sikiliza alivyolitumia Bizet. Mwishoni mwa opera, Carmen na José wamesimama nje ya uwanja. Ndani umati unashangilia, na ule wimbo wa Escamillo unasikika. Nje, José anachomoa kisu na kumuua Carmen. Hatumwoni fahali hata mara moja, ila tunajua damu imemwagika pande zote mbili za ukuta. Shangwe ile ile iliyotufurahisha mwanzoni sasa inatutia baridi mwilini.

Matayarisho hayakuwa mchezo. Wanawake wa kwaya walinung'unika kwa kuambiwa wavute sigara na kupigana jukwaani, na wapiga ala walidai sehemu nyingine hazipigiki. Opera ilifunguliwa tarehe 3 Machi 1875 katika ukumbi ambao familia za heshima zilizoea kuleta mabinti zao. Kadiri mchezo ulivyoendelea ndivyo makofi yalivyopungua. Magazeti nayo yakamkaanga bila mafuta.

Bizet alivunjika moyo. Akaenda Bougival, kando ya mto Seine, akaogelea, kisha akashikwa na homa na maumivu ya viungo, na moyo ukamsaliti. Aliiaga dunia tarehe 3 Juni 1875, siku ile ile aliyofunga ndoa miaka sita nyuma. Alikuwa na miaka 36 tu, akaacha mtoto mdogo wa kiume.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Carmen ilionyeshwa Vienna na watu wakaipenda ajabu. Yaani angeishi miezi mitano zaidi! Tangu hapo haijalala. Marekani waliigeuza kuwa Carmen Jones mwaka wa 1943, na mpigana na fahali akawa mwanamasumbwi. Mwaka wa 2005 ikatoka filamu iliyoimbwa kwa Kixhosa, ikiwa na watu wa mtaa wa Khayelitsha, Afrika Kusini.

Nao Wahispania? Wapo wasiofurahi kuonekana mbele ya dunia kama watu wa visu na fahali tu, na wana haki. Hata hivyo, mjini Sevilla, mkabala na uwanja wa fahali, wamesimamisha sanamu ya Carmen, mwanamke ambaye hakuwahi kuishi.