Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyewateka watazamaji wa Unguja

SANTURI za Siti binti Saad zilipoanza kuenea Afrika Mashariki baada ya mwaka 1928, wengi wa walionunua upande wa bara hawakuwa wamewahi kumtia machoni. Walimjua kwa sauti iliyotoka katika pembe ya gramafoni kwa dakika chache tu, kisha sindano ikafika mwisho na sahani ikahitaji kugeuzwa.

Wakazi wa Unguja ndio waliopata uhondo kamili. Kwao Siti alikuwa mtu wa kutazamwa sawasawa na alivyokuwa wa kusikilizwa. Sifa alizomwagiwa enzi zake, na matusi pia, zilitokana na kile alichokifanya mbele ya macho ya watu, jambo ambalo vizazi vilivyorithi santuri peke yake vimelisahau kwa urahisi.

Siti alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua, wote wawili wakiwa watu waliopitia utumwa. Mtoto mwenyewe aliitwa Mtumwa, jina lililotangaza daraja lake kabla hajajua kutembea.

Hakwenda shule. Alijifunza ufinyanzi kutoka kwa mama yake, akawa anabeba vyungu kichwani hadi mjini na kuvinadi njiani. Wapo wanaosema kuwa huko ndiko koo lake lilikokomazwa, kwani mchuuzi asiyesikika ndani ya nyumba ya mawe hurudi kijijini na mzigo wake. Kunadi nako ni sanaa ya maonyesho: mnadi humvuta mpita njia kwa macho, kwa mwendo na kwa mzaha, na pengine hapo ndipo Siti alipopata somo la kwanza la jukwaa.

Mwaka 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, ambaye alimfunza kuimba kwa kufuata ala na kumwelekeza katika nyimbo za Kiarabu.

Ni vyema kukumbuka taarab ilikuwa ya nani wakati huo. Muziki huo uliingia kwa njia ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliwaleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mzanzibari mmoja Cairo kujifunza. Uliimbwa kwa Kiarabu, na walioupiga walikuwa wanaume. Mwanamke mwenye asili ya utumwa, tena mfinyanzi, hakuwa na nafasi katika shughuli hiyo isipokuwa kuhudumia wageni.

Siti alikitwaa kiti hicho na kukaa katikati. Akiwa na wenzake, wakiwemo Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruku, mwanamuziki asiyeona, aliifanya taarab izungumze Kiswahili cha mtaani. Jina la Mtumwa likatoweka, likaja la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Mafanikio hayo hayakuwafurahisha wote. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli, wakamkumbusha asili yake na nguo duni aliyoingia nayo mjini, na kudai kwamba lau si koo lake asingepata hata chakula. Jibu la Siti ndilo lililomjengea jina la ufundi. Hakukanusha neno hata moja kuhusu ukoo wake wala sura yake. Alichofanya ni kugeuza mizani: aliimba kwamba wa kuonewa huruma ni aliyenyimwa busara. Watu wakaondoka na jibu hilo midomoni, na wimbo wa kejeli ukabaki kukumbukwa kwa sababu tu ulimchokoza Siti.

Mhakiki wa taarab katika zama hizo hakuwa na kalamu wala safu gazetini. Hukumu yake ilionekana katika desturi ya kutunza, pale msikilizaji aliyeguswa na beti alipoinuka, akamsogelea mwimbaji na kumpa fedha mbele ya kadamnasi. Aliyetunza alikuwa akisema kwamba maneno yale yanamhusu yeye, au, kwa ukali zaidi, yanamhusu jirani yake aliyeketi mstari wa nyuma. Mwimbaji hodari hana budi kuujua ugomvi wa kila nyumba, na kujua amtazame nani na kwa muda gani. Hapo sauti peke yake haitoshi.

Siti alikuwa na majukwaa mawili, na katika kila moja alikuwa mtu tofauti. Katika majumba ya wakubwa, na mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, aliimba kwa heshima na Kiarabu chake kikawa safi. Simulizi zinaeleza kuwa mbele ya wanaume wa tabaka hilo alijitanda nguo hadi usoni. Waliomdharau kwa sura wakakosa cha kudharau, ikabidi wasikilize.

Ng'ambo, upande wa pili wa mji walikoishi wafanyakazi, wachuuzi na wajukuu wa watumwa, hali ilikuwa nyingine. Jioni nyumba yake ilijaa watu waliokuja kusikiliza mazoezi, na waliokosa nafasi ndani walisimama nje. Kundi lake liliingiza pia michezo mifupi ya kuchekesha, wakiigiza mienendo ya wenye vyeo. Waliowaona mchana wakubwa hao wakipita kwa maringo waliwaona tena usiku, safari hii katika mwili wa mwigizaji. Kicheko cha Ng'ambo kilikuwa sifa isiyo na unafiki, kwani hapakuwa na mwenyeji wa kumridhisha.

Lakini kazi iliyoonyesha kina chake zaidi ni wimbo wa Kijiti. Ulitokana na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka bara, mjamzito, aliyealikwa kwenye ngoma kisha akatendewa unyama na kuuawa. Mwanamume aliyeshutumiwa alivuka bahari akatoroka. Waliofungwa ni wanawake waliotoka na marehemu. Siti aliimba kisa hicho kwa mfululizo kama mtu anayeeleza barazani, akapita kutoka kwa msimulizi hadi kwa wahusika na kurudi tena. Hakuwa na cheo cha kumkosoa hakimu. Alikuwa na hadhira, na hadhira hiyo ilijua kuwa mwanamke wa Ng'ambo akifika mahakamani hutafutiwa kosa kabla ya kupewa haki. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya jukwaani ya wakati huo iliyolisema jambo hilo waziwazi namna hiyo.

Nyimbo nyingine ziliwaanika walaghai waliowaibia wasiojua kusoma. Kwa mtu ambaye mwenyewe hakupita darasani, uchungu huo haukuwa wa kuazima.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ilimsafirisha Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi. Walirudi huko mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na inakisiwa kuwa kufikia mwaka 1931 sahani zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Kwa kampuni hiyo, lilikuwa jambo la biashara: Kiswahili kilikuwa na wanunuzi kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kwa Siti, ilimaanisha kuwa muuza vyungu sasa aliuza sauti yake katika miji ambayo hakuwahi kuipita na mzigo.

Hata hivyo santuri ilikata kitu. Wimbo ulioweza kuchukua sehemu nzuri ya usiku, ukirudiwa kila mtunzaji alipoinuka, ulibanwa ndani ya dakika tatu au nne. Macho hayakuwemo, wala ukimya aliouacha kabla ya beti la mwisho.

Hivyo ndivyo Siti alivyoweza kuifikia miji ya bara kama Nairobi. Mtaa wa Kaloleni, mmoja wa mitaa ya mashariki mwa mji iliyojengewa wafanyakazi Waafrika, ulijengwa katika miaka ya 1940, Siti akiwa tayari mtu mzima sana. Ukumbi wake ulivuma kwa siasa na burudani, na wakazi wake walikuwa watu wa makabila mengi walioelewana kwa Kiswahili. Jina la mtaa huo, ambalo pia ni la mji ulioko Kilifi, hufasiriwa katika lugha za pwani kuwa ni mwaliko wa kwenda kuona. Kwa bahati mbaya, kizazi kilichokulia hapo hakikupata nafasi ya kwenda kumwona Siti. Kilibaki na gramafoni.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na mshairi Shaaban Robert, aliyekutana na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake na kuandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Kitabu hicho kilisomwa na wanafunzi wengi, na kinamchora mwanamke mwenye adabu, subira na juhudi. Ni sifa ya haki, ingawa imempa Siti utulivu kupita kiasi. Mcheshi wa Ng'ambo, yule aliyewafanya watu washike mbavu kwa kuwacheka wakubwa, haonekani vya kutosha katika kurasa hizo.

Anaonekana vizuri zaidi kwa Bi Kidude, ambaye utotoni alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na ambaye aliendelea kupanda jukwaani hadi uzeeni kabla ya kufariki Aprili 2013. Kidude alirithi nyimbo, lakini alirithi pia ile tabia ya kumkabili msikilizaji uso kwa uso na kumsubiri aone haya kwanza.

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotafuta jina la jarida lake la kutetea haki za wanawake, kililiita Sauti ya Siti.