Dkt. Maria Montessori na Nyumba ya Watoto

Dkt. Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, nchini Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari jijini Roma mwaka 1896. Mwaka 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Kwa kuhofia aibu na kupoteza kazi, alimpeleka kulelewa na familia nyingine kijijini. Januari 6, 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, ambako watoto walijifunza kufagia, kunawa na kupanga vifaa wenyewe. Mario alirejea kwake akiwa kijana, akawa msaidizi wake hadi mama huyo alipofariki mwaka 1952. Mzazi wa Busisi, wilayani Sengerema, anayempa mtoto kikombe amimine maji mwenyewe, na kitambaa afute yaliyomwagika, anaufuata mfano wake.