Ernest Cole, msee aliyeficha kamera kwa mfuko wa chakula

Ukitoa simu leo upige picha mtaani kwenu, nani atakusumbua? Ernest Cole angefungwa.

Alizaliwa 1940 karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Serikali ilipowaletea weusi elimu yao duni, aliacha shule, akamalizia masomo kwa posta. Kamera ikawa kazi.

Alipiga vitu vya kila siku tu: watu wamejazana kwa treni, watoto wanaandikia sakafuni darasani, mabenchi ya Wazungu pekee. Migodini aliificha kamera kwenye mfuko wa chakula. Hata jina Kole aliligeuza Cole, aandikishwe chotara ndio atembee bila kusumbuliwa sana.

Aliondoka 1966. Mwaka uliofuata kitabu chake, House of Bondage, kikatoka Marekani; kwao kikapigwa marufuku. Hakurudi tena. Alifia New York Februari 1990, siku chache tu baada ya Mandela kutoka jela.

Filamu zake zilidhaniwa zimepotea. Mwaka 2017, picha zaidi ya 60,000 zikapatikana benki, huko Sweden.

Kwa hivyo usidharau mtaa wako. Piga, halafu uhifadhi.