Josef Albers

Josef Albers (Bottrop, Ujerumani, 19 Machi 1888 – New Haven, Connecticut, Marekani, 25 Machi 1976) alikuwa mchoraji, mbunifu wa samani na mwalimu wa sanaa. Anajulikana hasa kwa picha zake za miraba na kwa masomo yake ya malighafi na umbo katika chuo cha Bauhaus. Masomo hayo yalibadilisha namna ya kuwafundisha wabunifu wa bidhaa katika nchi nyingi.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika mji wa wachimba makaa ya mawe wa eneo la Ruhr. Baba yake, Lorenz, alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba aliyejua pia useremala na kazi nyingine za mikono. Ukoo wa mama yake ulikuwa wa wahunzi. Hivyo Josef alizoea vifaa vya kazi tangu utotoni.

Alisomea ualimu, na kuanzia mwaka 1908 alifundisha katika shule za msingi. Kati ya miaka 1913 na 1915 alisoma Berlin ili awe mwalimu wa sanaa. Baadaye aliendelea na masomo huko Essen na München.

Mwanafunzi wa Bauhaus

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32, alijiunga na Bauhaus, chuo kilichoanzishwa mwaka uliotangulia mjini Weimar na msanifu majengo Walter Gropius. Baada ya miaka mingi ya kushika chaki alianza upya kama mwanafunzi, pamoja na vijana waliokuwa wadogo kwake.

Albers alitaka kufanya kazi ya vioo, lakini hakuwa na fedha za kununua malighafi. Akaenda kwenye jalala la mji akiwa na shanta na nyundo, akaokota vipande vya chupa zilizovunjika. Vipande hivyo alivipanga na kuviunganisha kwa waya na risasi mpaka vikawa picha zinazopitisha mwanga. Walimu walipoziona walimruhusu aendelee, na baadaye alipewa jukumu la karakana ya vioo.

Namna yake ya kufundisha

Mwaka 1923 Gropius alimpa kazi ya kufundisha katika kozi ya awali, ambayo kila mwanafunzi aliipitia kabla ya kuingia karakana ya mbao, chuma au ufumaji. Mwaka 1925 chuo kilihamia Dessau, na mwaka huohuo Albers alimwoa Anni Fleischmann, mwanafunzi wa ufumaji aliyekuja kuwa msanii mashuhuri. Kuanzia mwaka 1928, alipoondoka László Moholy-Nagy, Albers aliongoza kozi yote.

Hakuanza na nadharia wala historia. Aliwapa wanafunzi malighafi moja, kama vile karatasi, kadibodi, waya au bati, pamoja na zana chache sana, kisha akawaacha wajaribu wenyewe. Kwa kawaida karatasi hulazwa na kubandikwa kwa gundi. Albers aliwataka waisimamishe, waikunje, waikate na kutumia ukingo wake, bila gundi. Mmoja wa wanafunzi wake alisimulia zoezi la magazeti: wengi walitengeneza ngome, ndege na wanyama, lakini kazi iliyosifiwa ilikuwa gazeti lililokunjwa tu kwa urefu likasimama lenyewe. Ngome ingeweza kujengwa kwa malighafi nyingine. Mkunjo ule ulionyesha nguvu ya karatasi yenyewe.

Kipimo cha pili kilikuwa kutopoteza kitu. Kazi ilionekana bora kama ilitumia nguvu kidogo na malighafi kidogo, na kama hakuna kipande kilichobaki. Baada ya kumaliza, wanafunzi walikusanya kazi zao na kuzijadili pamoja.

Albers mwenyewe alibuni vitu kwa kanuni hiyo. Mnamo mwaka 1927 alitengeneza meza nne za mbao na kioo cha rangi, kila moja ikiingia chini ya nyingine ili kuokoa nafasi. Alibuni pia viti, vikombe vya chai na herufi za uchapaji.

Marekani

Wanazi waliichukia Bauhaus. Chuo kilihamia Berlin mwaka 1932, polisi wakakivamia mwezi wa Aprili 1933, na miezi michache baadaye walimu waliamua kukifunga. Albers alibaki bila kazi, na mke wake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo walifika Black Mountain College, chuo kipya katika jimbo la North Carolina.

Albers alijua Kiingereza kidogo tu, na chuo kilikuwa maskini. Hata hivyo, namna yake ya kufundisha haikuhitaji vifaa vya gharama: wanafunzi walitumia majani makavu, mawe, magome ya miti na maganda ya mayai. Miongoni mwao walikuwa Ruth Asawa, aliyekuwa mashuhuri kwa sanamu za waya, na Robert Rauschenberg, ambaye alimwona kuwa mwalimu mkali lakini baadaye alikiri kwamba alijifunza mengi kwake.

Mwaka 1950 alikwenda Chuo Kikuu cha Yale kuongoza idara ya ubunifu, akastaafu mwaka 1958. Katika miaka hiyo alianza mfululizo wa picha za miraba, ambazo zilizidi 1,000. Mwaka 1963 alitoa kitabu chake juu ya rangi, Interaction of Color.

Urithi

Albers alifariki New Haven akiwa na umri wa miaka 88. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Bottrop mwaka 1983. Mazoezi ya kukunja karatasi na kadibodi bado hufanywa na wanafunzi wa ubunifu na usanifu majengo katika mwaka wao wa kwanza, hata pale ambapo jina lake halitajwi.