Frederick Walton: Alishinda uchakavu wa sakafu, akanyang'anywa jina

KOPO la rangi ya mafuta likiachwa wazi hufanya ngozi juu. Mafundi rangi wote wanaijua ngozi hiyo. Huichokoa kwa kijiti na kuitupa. Mwaka 1855 kijana mmoja wa Uingereza, Frederick Walton, aliichokoa akaona inanyumbulika kama mpira. Kutokana na ngozi hiyo alitengeneza linoleum, zulia la sakafu ambalo kwa miongo mingi lilitandikwa katika ofisi, hospitali, meli na majumba ya watu wa kawaida katika nchi nyingi duniani.

Walton alizaliwa mwaka 1834 karibu na mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, James Walton, alikuwa na kiwanda cha zana za kuchambulia nyuzi na mwenyewe alikuwa mvumbuzi, hivyo kijana alikulia kwenye mashine.

Wakati huo mwenye nyumba aliyetaka kufunika sakafu ya mbao kwa bei nafuu alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa turubai lililopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Lilipendeza likiwa jipya, lakini uzuri wake wote ulikuwa juu. Palipopitwa sana na watu, kama mlangoni, rangi ilikwisha na turubai likabaki wazi. Ya pili ilikuwa Kamptulicon, mchanganyiko wa mpira na unga wa gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hiyo ilistahimili miguu, ila mpira ulitoka mbali na bei yake ilizidi kupanda.

Walton alitaka kitu cha kushika nafasi ya mpira, na alikipata katika mafuta ya mbegu za kitani, zao ambalo Urusi na India zililiuza kwa wingi. Mafuta hayo yakipigwa na hewa hunyonya oksijeni, yakaganda na kuwa mazito yenye kunyumbulika. Tatizo ni kwamba yakiachwa yenyewe huchukua muda mrefu mno. Walton aliyapasha moto pamoja na chumvi za risasi na zinki ili kuharakisha, kisha akawa anachovya vitambaa vya pamba ndani yake mara nyingi mpaka tabaka linenepe.

Mwaka 1860 alipata hataza ya njia hiyo, yaani hati inayomlinda mvumbuzi asiigwe, akitarajia kuwauzia vanishi watengenezaji wa vitambaa visivyopitisha maji. Hawakuitaka. Vitambaa vya pamba vilioza na kukatika, na ilichukua miezi kupata mzigo wa kutosha. Kiwanda chake cha kwanza kiliungua moto. Yeye mwenyewe akatokwa na vipele vyenye maumivu visivyopona upesi. Wengi wangeishia hapo na kurudi kwenye kiwanda cha baba.

Badala yake alibadili namna ya kufanya kazi. Alivitundika vitambaa wima na kuyamwaga mafuta kutoka juu yateremke. Yale mafuta yaliyoganda, ambayo yalikuwa yananata, aliyachanganya na unga wa mbao na unga wa gome la vizibo. Hapo ndipo alipopata alichokuwa akikitafuta: donge zito lililoweza kukandamizwa kwa mashine juu ya turubai likawa zulia nene. Baada ya hapo zulia lilitundikwa kwa wiki kadhaa katika vyumba vya joto ili likomae. Lililotolewa kabla ya wakati wake lilikuwa laini na likabonyea. Subira hiyo ilikuwa sehemu ya gharama, na ndiyo iliyolipa zulia ugumu wake.

Hataza ya mchanganyiko huo aliiomba mwaka 1863. Jina la kwanza aliloliwaza lilikuwa Kampticon, ujanja usiojificha wa kujibanza kwenye sifa za Kamptulicon. Baadaye akatunga jina lake mwenyewe kutokana na maneno mawili ya Kilatini, lenye maana ya kitani na lenye maana ya mafuta: linoleum. Mwaka 1864 alianzisha kampuni na kiwanda huko Staines, karibu na London.

Kwa miaka 5 kampuni ilipata hasara. Bidhaa ilikuwa nzuri, lakini wateja walishazoea turubai la rangi na Kamptulicon, na wauzaji wa bidhaa hizo hawakukaa kimya. Walton hakupunguza ubora ili ashushe bei. Alitumia fedha kwenye matangazo na kufungua maduka mawili London yaliyouza linoleum tu. Mauzo yakapanda, na kufikia mwaka 1869 kiwanda cha Staines kilikuwa kikisafirisha mzigo Ulaya na Marekani. Mwaka 1872 alikwenda mwenyewe Marekani kuanzisha kiwanda kwenye kisiwa cha Staten, New York, na mji uliokua pembeni yake ukaitwa Linoleumville.

Hataza za Uingereza wakati huo zilidumu miaka 14, kwa hiyo ya Walton ilikwisha mwaka 1877. Waliosubiri siku hiyo walikuwa tayari. Kampuni ya Michael Nairn ya Kirkcaldy, Scotland, iliyokuwa ikitengeneza turubai la rangi tangu 1847, iliingia sokoni na bidhaa yake ikiita linoleum. Walton alikwenda mahakamani, na mwaka 1878 alishindwa. Hoja ya jaji ilikuwa nyepesi lakini kali: kwa miaka yote hiyo hakuna mwingine aliyetengeneza kitu hicho, na wateja hawakuwa na neno lingine la kukiita, hivyo jina lilikuwa la bidhaa yenyewe wala si la kampuni. Yale matangazo yaliyoiokoa kampuni ndiyo yaliyolifundisha taifa zima neno hilo.

Hakukaa kulalamika. Mwaka 1877 alikuwa ameshatoa Lincrusta, pambo la ukutani lenye nakshi zilizoinuka, kwa kutumia mafuta yaleyale. Kisha akarudi kwenye uchakavu wa sakafu, maana linoleum yake nayo ilikuwa na udhaifu uleule wa turubai: maua yalichapwa juu, yakafutika kwa miguu kabla zulia halijaisha. Alibuni mashine ya kukata vipande vya linoleum za rangi mbalimbali na kuvikandamiza pamoja juu ya turubai, hivyo ua likawa limepenya unene wote. Sakafu ikilika, ua hubaki. Katika miaka ya 1890 alijenga kiwanda cha zulia hilo Greenwich.

Walton alifariki mwaka 1928 huko Nice, Ufaransa, akiwa amepita miaka 90. Miaka miwili kabla, mkemia wa Marekani, Waldo Semon, alikuwa amepata njia ya kuilainisha plastiki iitwayo PVC. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mazulia ya vinaili yaliyotokana na kazi hiyo yaliisukuma linoleum pembeni, kwa kuwa yalikuwa rahisi kutengeneza na hayakuhitaji wiki za kukomaa.

Kwa mengi ya mazulia hayo tatizo alilolijua Walton limerudi. Picha ya mbao au marumaru huchapwa, kisha hufunikwa kwa tabaka angavu la plastiki, na tabaka hilo likiisha picha nayo huenda. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huuliza unene wa tabaka la juu kabla ya unene wa zulia zima: milimita 0.3 hutosha chumba cha kulala, lakini duka linaloingiwa na watu kutwa linahitaji 0.5 au zaidi.

Kiwanda cha Staines kilifungwa zamani, na mahali pake pamejengwa maduka. Katika barabara kuu ya mji huo ipo sanamu ya wafanyakazi wawili wamebeba jora la linoleum.