Annalena Tonelli: Msomi wa sheria aliyewatibu wafugaji wa Wajir kifua kikuu

ALIPOTUA nchini Kenya mwaka wa 1969, Annalena Tonelli hakuwa daktari, hakuwa muuguzi wala hakuwa mtawa. Alikuwa msomi wa sheria, mzaliwa wa mji wa Forlì nchini Italia, aliyezaliwa Aprili 2, 1943, na ambaye tayari alikuwa ametumia miaka kadhaa ya ujana wake kuwahudumia maskini wa mji huo.

Mwaka uliofuata alikuwa Wajir, akifundisha katika shule ya upili. Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa, ulikuwa ungali chini ya sheria za hali ya hatari zilizoachwa na vita vya mashifta. Barabara zilikuwa chache, hospitali chache zaidi, na aghalabu mtumishi wa serikali aliyepelekwa huko alihesabu kuwa ameadhibiwa.

Kilichomtoa darasani ni kikohozi. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji, nao waliuona ugonjwa huo kuwa fedheha kubwa kiasi kwamba mtu aliukana hata alipokuwa akitema damu. Dalili zake hazikuwa fumbo: kukohoa kwa wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku na kukonda. Kipimo cha kohozi kwa darubini kilitosha kuwatambua wengi wa waliokuwa wakiwaambukiza wenzao.

Taabu ilikuwa matibabu. Nyakati hizo dawa zilitumiwa kwa mwaka mzima au mwaka na nusu. Mfugaji hawezi kulala wodini muda wote huo ilhali ngamia wake wanafuata mvua. Akipata nafuu baada ya miezi miwili, kikohozi kikakatika na nguvu zikamrudia, ataondoka. Hapo ndipo hatari inapozaliwa, kwa maana vijidudu vilivyosalia mwilini huibuka tena, safari hii vikiwa sugu kwa dawa, na mgonjwa huwaambukiza walio naye kambini.

Mwaka wa 1976 Tonelli alikabidhiwa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji. Badala ya kuwalazimisha wagonjwa kuzoea hospitali, aliwaacha wajenge vibanda vyao wenyewe mbele ya kituo cha walemavu alichokiendesha mjini Wajir. Mahali hapo pakaja kuitwa manyatta ya kifua kikuu. Mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, na tiba ilifupishwa hadi miezi sita. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililokuwa limewashinda wengi: mfugaji alitibiwa bila kuacha kuwa mfugaji.

Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza kote ulimwenguni mkakati wa kumeza dawa chini ya uangalizi. Si haki kumpa mtu mmoja sifa zote. Mchango mkubwa ulitokana na kazi ya daktari Karel Styblo nchini Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, Wajir ilikuwa imeonyesha kwamba hata watu wasio na makao ya kudumu huweza kumaliza tiba.

Kisha ikaja Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na wanajeshi katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Wakazi hadi leo wanataja mamia na hata maelfu. Tonelli alikuwa miongoni mwa waliowaokota majeruhi na kuzika maiti, na alisaidia kuufikishia ulimwengu habari hizo. Hakusamehewa. Mwaka wa 1985 alilazimika kuondoka Kenya, akawaacha wagonjwa aliowajua kwa majina.

Alivuka mpaka akaingia Somalia, akaendelea na kazi ile ile huko, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikimkuta humo. Mwaka wa 1996 alihamia Borama, Somaliland, alikojenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya watoto viziwi na kupinga ukeketaji wa wasichana. Alipoanza kuwahudumia pia wagonjwa wa Ukimwi, baadhi ya wakazi waliandamana wakidai anauleta ugonjwa mjini.

Juni 2003 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen. Usiku wa Oktoba 5 mwaka huo huo, alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake, akafariki akiwa na umri wa miaka 60. Majivu yake yalirejeshwa Wajir.