Sayyid Khalid bin Barghash na Kiti cha Baba Yake

Vijana wa darsa letu hapa Kahawa Sukari huuliza mara kwa mara kama mwana wa kiongozi ana haki ya kurithi uongozi kama anavyorithi shamba na nyumba. Nimeona ni kheri niwakumbushe khabari za Sayyid Khalid bin Barghash, ambaye jina lake linajulikana pwani yote, lakini mambo yake hayazingatiwi.

Alizaliwa mwaka 1874, mwana wa Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Unguja. Babu yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki mwaka 1856 bila ya kuacha kanuni ya kurithiana iliyokubaliwa na wote. Akatawala Majid, kisha nduguye Barghash, kisha Khalifa, kisha Ali. Ufalme ulipita kwa ndugu, si kwa wana. Barghash mwenyewe katika ujana wake alimwasi Majid mwaka 1859, akahamishwa Bombay. Basi Khalid alilelewa katika nyumba ambayo kila mwenye nasaba alikiona kiti kuwa chake.

Sayyid Ali alipofariki mwaka 1893, Khalid alijaribu kukitwaa kiti, Waingereza wakamtoa, akawekwa Hamad bin Thuwaini. Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Kiingereza, na ufunguo wa mlango haukuwa tena mikononi mwa wenye nyumba. Hilo kijana hakulitia maanani.

Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alipojeruhiwa aliwaachia watu sita washauriane juu ya ukhalifa, na mwanawe Abdullah akamruhusu kushauri tu, si kutawala. Naye Abdullah alikuwa mwanachuoni na mchaji. Wenye kudai kiti kwa jina la baba hawapendi kukumbushwa kisa hiki.

Tarehe 25 Agosti 1896, mwezi wa Rabiul Awwal 1314, Hamad alifariki ghafla. Siku ile ile Khalid, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliingia katika jumba la kifalme, akakusanya askari, watumishi na watumwa. Basil Cave, wakili wa Waingereza, alimtaka atoke, akakataa. Admirali Rawson akampa muda mpaka saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita, manowari zikaanza kupiga mizinga. Vita havikufika saa nzima. Jumba liliteketea, na Glasgow, merikebu ya Sayyid Barghash, ikazamishwa. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Hapa kalamu yaniwia nzito. Dhulma ya mwenye mizinga haina udhuru, na Hamoud bin Muhammad, aliyekalishwa kitini siku ile ile, naye hakuchaguliwa kwa shura yoyote. Lakini ni nani aliyempa Khalid idhini ya kuziweka rehani roho za watu wale? Watumwa hawakuulizwa. Majina yao hayakuandikwa popote, na yeye mwenyewe alisalimika kwa kukimbilia ubalozi wa Wajerumani.

Alikaa humo mpaka tarehe 2 Oktoba. Wajerumani walingoja maji kujaa mpaka ukingoni mwa ubalozi wao, wakampakia mashuani bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, wakampeleka Dar es Salaam. Huko aliishi miaka ishirini hivi, hata Waingereza walipomkamata katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki.

Alifariki Mombasa mwaka 1927. Ngome ya mji huo ilikuwa bado ikipeperusha bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, na Sultani alikuwa Khalifa bin Harub.